Chembe Zilizokataa Moto

Mtungi wa gesi ulimwishia Sonara jioni, kama ilivyo kawaida ya mitungi, wakati muuza gesi ameshaanza kushusha mlango. Aliuburuta ule mtupu hadi kona ya mtaa, akambembeleza muuza gesi, akapewa uliojaa, akarudi nao begani huku akimlaani kila aliyeegesha pikipiki kwenye njia ya waenda kwa miguu. Giza lilikuwa linaingia. Kwenye ushoroba wa maduka taa ziliwaka nusu tu, maana mwenye jengo alizaliwa na ubahili wake.

Duka alikuwa ameliacha mlango umerudishwa tu bila kufungwa, akamwomba fundi saa wa mkabala amtazamie. Aliporudi, fundi saa alimwonyesha mlango kwa kidole gumba. Leo hakuwa na utani.

"Nani?"

"Mzee wako," alinong'ona fundi saa. "Nilimwambia asubiri nje, akaniuliza mimi kama nani."

Baba Mkubwa alikuwa amekaa kwenye kiti cha marehemu.

Viti vya wateja vilikuwepo, viwili, vya plastiki, vimefutwa vumbi asubuhi hiyo hiyo. Yeye alivipita akaenda kukaa nyuma ya meza ya kazi, kwenye kile kiti kifupi cha mbao ambacho baba yake Sonara alikikalia tangu ujana hadi macho yalipomwacha. Sonara mwenyewe alikuwa hakikalii. Alitumia kigoda, na kiti kile alikifuta tu kwa kitambaa na kukiacha. Sasa angalia mtu alivyojitanua juu yake, miguu huku na huku, akichokonoa meno.

"Shikamoo, Baba Mkubwa."

"Marahaba. Umechelewa."

Kuchelewa! Dukani kwake mwenyewe! Sonara aliutua mtungi kwa kishindo mpaka koleo zikaruka mezani. Alishajifunza zamani kwamba ukianza kumjibu Baba Mkubwa, mnamaliza siku mbili na yeye ndiye anayeonewa.

Mzee alitia mkono mfukoni, akatoa kitu kilichofungwa kwenye leso, akakitupa mezani.

"Binti yangu anaolewa. Yeyusha hiyo, nifanyie mkufu. Leo. Na nitakuwa hapa nikiangalia."

Sonara akafungua leso.

Bangili.

Nene, ya dhahabu iliyopauka kidogo, na ukiigeuza kwenye taa unaona vidoa vyeupe, vidogo kama chumvi, vimezama ndani ya mng'aro wake. Hakuhitaji kutafuta alama ya baba yake upande wa ndani, lakini aliitafuta. Ilikuwepo.

Masikio yalianza kumvuma kwa hasira.

Bangili ile aliiona mara ya mwisho ikitoka kwenye mkono wa mama yake. Haikutoka kwa hiari. Siku hiyo ukoo mzima ulikuwa umekaa sebuleni, na Baba Mkubwa amesimama katikati akisema shemeji yake ni mchawi, kwamba ndiye aliyempofusha mdogo wake ili amtawale. Baba, kipofu, alikuwa chumbani na homa na hakuulizwa neno. Walipomaliza kumhukumu walimwambia aache kila kitu cha nyumba ile, na bangili ikagoma kuvuka kifundo. Shangazi akaleta sabuni. Baba Mkubwa akaupaka mkono wa mama povu, akavuta, akavuta, mpaka ngozi ikabaki kwenye dhahabu. Mama hakulia. Alisonya tu. Msonyo mmoja, mrefu, wa kutoka kwenye fizi za nyuma, kisha akatoka na nguo alizovaa.

Alifia kwenye chumba cha kupanga. Waliomzika ni Sonara na majirani. Kutoka kwa ukoo hakuja hata paka.

Tangu hapo Sonara alitaka kitu kimoja tu duniani: Baba Mkubwa asimame mbele ya watu wale wale, kwa mdomo ule ule, aseme mama yake hakuwa mchawi. Basi. Nyumba wakae nayo. Viwanja wagawane mpaka wang'oane macho. Yeye alitaka sentensi moja.

"Hii ni ya mama," alisema.

"Ilikuwa."

"Nitaiyeyusha bure. Lakini kwanza utaniahidi kuita watu, useme ulimsingizia."

Baba Mkubwa alicheka mpaka kijiti cha meno kikamtoka. "Wewe mtoto una vituko. Mama yako alimla macho mdogo wangu, na nitalisema hilo mpaka nifukiwe. Washa moto."

Sasa kuna jambo ambalo Sonara alilijua na mzee hakulijua.

Baada ya msiba wa pili, wa baba, alipopeleka mavumbi ya dukani kwa msafishaji dhahabu, alikuta kati yake chembe nyeupe ambazo tupa iliteleza juu yake kama inapapasa kioo. Msafishaji alizitambua palepale. Osmiridi, alisema. Ni madini mawili, osmi na iridi, yaliyoshikana yenyewe tumboni mwa ardhi bila mkono wa mtu. Ni adimu. Hukaa na dhahabu ya mtoni na ni nzito kuliko hiyo dhahabu yenyewe, kwa hiyo huzama chini ya kikombe cha kuyeyushia. Asidi haiigusi. Moto wa sonara hauiyeyushi. Unachotakiwa kufanya ni kuyeyusha dhahabu kwa moto wa kiasi, uziache chembe zitulie chini, umimine taratibu, na kile kidogo cha mwisho ukiache kikombeni pamoja nazo.

"Usishindane nazo," alisema msafishaji. "Ukizichoma sana, zile zenye osmi nyingi zinatoa moshi. Unanuka vibaya, na unapenda macho."

Sonara alikaa chini kwenye sakafu ya msafishaji siku ile, akalia kwa hasira mpaka msafishaji akadhani analia kwa kupunjwa bei. Maana alimkumbuka baba yake akiitengeneza bangili hiyo. Alipoviona vile vidoa akasema hawezi kumvika mkewe uchafu, akarudisha kikombeni, akaongeza moto, ameinama, ana ubishi kama nyumbu. Jioni baada ya jioni. Kisha akaanza kusema kila taa ina duara kuizunguka. Kisha akaanza kupapasa kijiko mezani.

Ulikuwa moshi. Mama yake alifukuzwa kwa sababu ya moshi! Sonara alijaribu kuwaambia, akakatizwa kabla hajautaja, akaambiwa mtoto wa nyoka hakosi la kumtetea nyoka.

Akafunga mtungi mpya kwenye mpira wa gesi. Akafungua koki. Akawasha mrija wa kuchomea.

Bangili ililainika, ikazama, ikawa dimbwi dogo la njano linalotetemeka. Baba Mkubwa alisogeza kiti. Desturi ya kazi hii inampa mteja haki ya kukaa juu ya kikombe mpaka dhahabu imiminwe, ili asije akasema amebadilishiwa. Wateja wengi hukaa hatua moja nyuma, wakitazama kwa heshima. Yeye aliitumbukiza pua kabisa, kama mtu anayeonja mchuzi.

Chembe zilikuwa zimeshuka chini. Zilikaa pale, nyeupe, baridi kwa sura, kana kwamba moto unawaka mtaa wa pili.

Sonara akashika koleo kumimina.

"Na hizo?"

"Hizo zinabaki, Baba Mkubwa. Hazi..."

"Zinabaki na nani? Na wewe?" Jicho lake likawa dogo. "Baba yako alikuwa fundi lakini mwizi hakuwa. Hakibaki kitu kwenye hicho kikombe. Ongeza moto."

Ilikuwa nafasi ya kusema. Sentensi fupi tu: kaa mbali, moshi wake unapofusha. Sonara aliisikia ikimjia mpaka kwenye ulimi. Akaimeza.

Alifungua kidirisha kilichokuwa upande wake. Akalowesha kitambaa, akajifunga puani na mdomoni. Akavaa miwani yake mikubwa ya kazi. Kisha, mikono yake ikiwa imetulia kuliko siku zote, akaongeza moto.

Mrija ukanguruma. Mwali ukawa mwembamba na wa buluu.

Mwanzo hakikutokea kitu. Dhahabu ilichemka pembeni. Kwenye ushoroba redio ya fundi saa ilikuwa ikiimba, kisha ikazimwa. Kisha harufu ikaja...

Ilikuwa harufu ya dawa ya kusafishia choo iliyopondewa kitunguu saumu. Ilipenya kitambaa, ikamshika Sonara kooni. Aliijua. Ilikuwa imekaa kwenye mashati ya baba yake miaka yote ya utoto wake.

Nyuma yake, mtu akasonya.

Mrefu. Wa kutoka kwenye fizi za nyuma.

Baba Mkubwa akainua kope. Macho yalikuwa yameanza kutoa machozi. "Unanisonya mimi?"

"Sijasonya," alinong'ona Sonara.

"Nimekusikia."

"Nina kitambaa mdomoni, Baba Mkubwa."

Wakatazamana. Nyuma ya Sonara kulikuwa na ukuta tu, na kalenda ya muuza vipuri. Mzee akafungua mdomo, akaufunga, akarudi kuinamia kikombe, kwa sababu kiburi chake kilikuwa kimeushinda hata woga.

Hapo Sonara akamwona akilini baba yake akipapasa kijiko. Sitaki kudanganya kwamba alimhurumia mzee yule, hata chembe. Kilichomshika ni kitu kingine: akipofuka huyu, mbele ya moto wangu, watasema nini? Watasema binti amerithi. Watasema, tuliwaambia. Na ile sentensi moja haitasemwa tena milele na milele.

Akainama haraka, akafunga koki ya mtungi. Aliizungusha mpaka ikagota. Akauning'iniza mrija kwenye ndoano yake ukutani.

Akageuka.

Moto ulikuwa bado unawaka kwenye kikombe.

Mwembamba. Wa buluu. Ukishuka kutoka hewani, kutoka mahali ambapo mkono wa mtu aliyesimama ungekuwa.

"Baba Mkubwa, toka hapo."

Hakutoka. Alikuwa ameinama vilevile, lakini sasa mikono yake ilikuwa imeshika ukingo wa meza na kusukuma, mishipa imemtoka. Shingo haikuinuka.

"Niachie," alisema kwa sauti ndogo.

"Toka!"

"Niachie shingo. Mwanangu... niachie shingo."

"Sijakushika!"

Aliinua mikono yote miwili juu, kama mtu anayemwonyesha askari kwamba hana silaha. Mzee hakuiona. Alikuwa anaangalia ndani ya kikombe, kope zimefunguka mpaka mwisho, na moshi usio na rangi ukimpanda usoni. Sonara alimshika mabega akamvuta. Ilikuwa kama kuvuta fuawe iliyopigiliwa kwenye gogo. Chumba, pamoja na moto ule wote, kilikuwa baridi.

"Mama!" Neno lilimtoka lenyewe. "Mama, mwache!"

Moto ukazimika.

Baba Mkubwa alianguka chali na kiti chake. Ndipo akaanza kupiga kelele.

Fundi saa aliingia mbio, mkono puani. Jambo la kwanza alilofanya, kwa akili ya mtu anayeogopa mlipuko, ni kuruka kwenye mtungi ili aufunge. Akaizungusha koki, haikwenda. Akamtazama Sonara.

"Mbona imefungwa?"

Sonara alikuwa anatazama kikombe. Dhahabu ilikuwa imepoa kabla ya wakati wake, laini, safi, inang'aa mpaka chini. Aliigonga ikatoka, akaipindua. Zile chembe hazikuwepo hata moja.

Zilipatikana hospitali. Daktari alisema moshi wa namna hiyo unaweza kuchoma macho, ndiyo, lakini mara moja tu, tena kiasi hiki, hajawahi kuona. Kisha akachukua kisahani akasema, na hizi je? Alizitoa chini ya kope, upande wa ndani, macho yote mawili. Nyeupe, ndogo kama chumvi. Kibanio chake kilikuwa kimekwaruzika.

"Zimeruka kutoka kwenye moto?" aliuliza.

"Labda," alisema Sonara.

Haiwezekani, na yeye ndiye aliyejua hivyo kuliko wote pale. Kitu kizito kuliko dhahabu hakiruki. Kinazama.

Ukoo ulikusanyika nyumbani kwa Baba Mkubwa alipotoka, maana nyumba ya baba sasa ilikuwa yake, kwenye sebule ileile. Sonara aliitwa. Shangazi alikuwa ameketi kwenye mkeka karibu na mlango, amenyoosha miguu yake yenye uvimbe, na hakujibu shikamoo yake. Mzee alikuwa kwenye kochi, bandeji imemzunguka kichwa. Amepungua. Alionekana mtu wa kawaida tu, mzee wa mtu, na hilo lilimuudhi Sonara kuliko kitu kingine, kwamba amemnyang'anya hata raha ya kumchukia akiwa mzima.

"Nimewaita ili nimwambie mtoto huyu kitu mbele yenu," alisema Baba Mkubwa. Alizungumza polepole. "Alinitaka nikanushe. Nilikuwa tayari kukanusha. Hospitali nimelala nikasema, nikitoka nitamwambia, mama yako nilimsingizia. Maana kweli nilimsingizia. Nilikuwa nataka nyumba hii."

Ilikuwa hiyo sasa, ile sentensi, imekuja kwa miguu yake.

"Lakini nitasemaje hakuwa mchawi?" mzee aliendelea. "Nilimwona. Kitu cha mwisho nilichoona kwa macho haya ni yeye, amesimama nyuma yako, ana povu la sabuni mpaka kwenye kiwiko. Ndiye aliyeshika moto. Ndiye aliyenishika shingo. Nilidanganya, mwanangu, na uongo wangu umekuwa kweli."

Watu wakaguna. Mtu mmoja akasema, si tulijua. Mwingine akasema hata jina lake lisitajwe tena humu ndani.

Hasira ilimpanda Sonara kutoka kwenye nyayo. Mara ya pili! Sebule ileile, watu walewale, na mama yake amehukumiwa mara ya pili, safari hii na ushahidi! Akasimama.

"Ni mimi," alisema. "Sikilizeni nyote. Ni mimi. Nilijua moshi ule unapofusha. Msafishaji aliniambia. Ndio uliompofusha baba, si mama. Nilijifunga kitambaa nikamwacha huyu mzee ainame, nikaongeza moto makusudi. Hakuna mchawi hapa. Nifungeni, niitieni polisi, nifukuzeni, lakini mama yangu mumwache!"

Alidhani watamrukia. Hakuna aliyemrukia.

Baba Mkubwa alikuwa ameinua uso. Hakuuelekeza kwake. Aliuelekeza juu kidogo ya bega lake la kushoto, kwa makini, kama mtu anayemsikiliza mkubwa wake.

"Shemeji," alinong'ona. "Umemsikia? Anajitwisha dhambi kwa ajili yako. Inatosha sasa. Mwachie mtoto maisha yake."

Sonara alihisi baridi shingoni, ikapita, ikasogea. Aligeuka kwa nguvu, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hasira yake yote ilikuwa kwa mama yake.

"Nilikuwa nimeshaipata ile sentensi!" alipiga kelele. "Mama! Nilikuwa nimeshaipata mdomoni mwake!"

Hakukuwa na mtu. Kulikuwa na mlango tu, na Shangazi kwenye mkeka wake, macho yamemtoka, akikunja miguu yake yenye uvimbe taratibu, mmoja baada ya mwingine, kumpisha mtu apite.